Majusi Kutoka Basotu

Mwaka ambao upepo uliezua bati za stoo ya kanisa letu hapa Endagikot, mvua ilinyesha hadi ndani ya makabati kabla mtu yeyote hajagundua. Sanamu za pango la Noeli zilikuwa humo. Zilikuwa za plasta nyeupe, ziliachwa na wamisionari hata mimi sijaolewa, na kila Majilio akina mama tulizipangusa vumbi tukazipanga juu ya majani makavu mbele ya altare. Tulipofungua kabati tulimkuta Yosefu hana kichwa, Bikira Maria uso umeliwa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni, na mamajusi watatu wamekuwa donge moja.

Tulikaa kwenye mabenchi tukizitazama kama watu waliofiwa. Paroko wetu, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, alisema labda mwaka huo tubandike picha kubwa ukutani. Picha ya ukutani si pango. Watoto wanapenda kupiga magoti na kuchungulia.

"Nitazifinyanga mimi," nikasema.

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilikuwa nimefinyanga tangu nilipoolewa, vyungu vya makande, mitungi ya maji, vyungu vikubwa vya pombe ya harusi, lakini mtu sikuwahi kumfinyanga hata mmoja. Padri alinitazama kwa mashaka.

"Bibi, utaweza?"

"Sijui, Padri. Tusikie moto utasemaje."

Kazi ya udongo nilifundishwa na mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye viganja vipana kuliko vya wanaume wengi wa hapa kwetu. Wakati naolewa hakuwa Mkristo. Alibatizwa uzeeni, na hata baada ya ubatizo aliendelea kutoka nje asubuhi, akaligeukia jua linapochomoza, akamshukuru Mungu kwa jina la wazee wetu, Looaa, kisha akaingia ndani kusali Baba Yetu. Katekista wa siku zile alimuuliza kwa nini anasali mara mbili. Mama mkwe akamjibu kwamba hajawahi kumwona mtu aliyekasirika kwa kusalimiwa mara mbili.

Miaka yangu ya mwanzo ya ndoa sikupata mtoto. Kwa Wairaqw, na nadhani kwa watu wote, hilo ni jambo ambalo majirani hulisema kwa macho kabla hawajalisema kwa mdomo. Mama wa mume ndiye hutarajiwa kuwa wa kwanza kulalamika. Yeye hakulalamika. Siku moja alinikuta nimekaa jikoni nikilia mbele ya moto uliozimika, akanishika mkono akanipeleka bondeni, ukingoni mwa mto, mahali penye udongo mweusi unaonata.

"Mikono isikae bure," aliniambia. "Ikikaa bure inafundisha moyo mambo mabaya."

Kabla ya kuchimba aling'oa majani mabichi akayaweka kando ya shimo, kama mgeni anayebisha hodi. Alinikataza kuchimba nikiwa na ugomvi na mtu. Siku ya kuchoma vyungu hakuruhusu yeyote kupaza sauti uani, hata mume wangu. Nikiwa kijana niliona hayo ni mambo ya kizamani. Baadaye niligundua kwamba mwenye hasira hutwanga udongo kwa haraka, anaacha vijiwe na mapovu ya hewa ndani, na chungu chake hupasuka. Lakini sitaki kusema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa maana yake yote. Mama mkwe alijua mengi ambayo hakuyasema, na mimi nilimheshimu zaidi kwa hayo kuliko kwa yale aliyoyasema.

Basi nilianza na Bikira Maria, kwa sababu niliona haifai kuanza na mwingine. Nilichimba udongo, nikauchanganya na vigae vya vyungu vilivyotwangwa, nikaukanda huku nikisali rozari kimoyomoyo. Nikamsimamisha, kimo chake kama cha mtoto wa miaka miwili, nikamchonga mikunjo ya shuka begani, nikamlainisha kwa jiwe la mtoni mpaka akang'aa. Nilimwanika kivulini, jua lisimguse. Siku ya kumchoma nilimfunika kwa majani makavu, kinyesi kikavu cha ng'ombe na kuni, nikawasha, nikakaa mbali kidogo.

Akalipuka. Mlio wake ulikuwa kama wa bunduki, kuku wote wakakimbilia shambani.

Nilijua kosa langu kabla moshi haujatulia. Chungu hakipasuki kwa sababu ndani ni kitupu; joto linapata pa kupita. Mimi Bikira Maria nilimjaza udongo mpaka katikati. Niliona si heshima kumwacha Mama wa Mungu mtupu ndani kama mtungi. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama vipande vyake, na nikaanza kucheka peke yangu, kwa sababu nilimsikia mama mkwe waziwazi masikioni: "Wewe, chungu kilichojaa kitapokea nini?"

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu Bikira Maria katika maisha yangu. Sikumbuki hata moja lililonifundisha kama mlipuko ule. Malaika alipomjia, alimkuta ana nafasi. Sisi wengine tunamwomba Mungu aje huku tumejaza nyumba vitu vyetu, hofu zetu na maneno yetu, halafu tunashangaa tunapopasuka. Tangu siku hiyo ninaposali ninajaribu kunyamaza kidogo mwishoni. Siwezi sana, mimi ni mtu wa maneno. Lakini najaribu.

Bikira Maria wa pili nilimwacha wazi ndani, na huyo uso wake ulinijia kwa urahisi. Ni uso wa binti yangu.

Huyu binti yetu ndiye mtoto wa kwanza, aliyekuja tulipokuwa tumekata tamaa. Wavulana wawili walimfuata. Baba yao alipopooza upande mmoja, wavulana walikuwa mbali kwenye kazi zao, na binti alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Bashay. Kila Ijumaa jioni alikuja, na kila Jumapili baada ya Misa alirudi. Mume wangu alikuwa mtu wa aibu. Kulishwa na mimi alikubali, lakini binti yake kumwosha miguu, hapana. Alikuwa akiivuta ile miguu chini ya kitanda, na kwa kuwa maneno hayakutoka tena vizuri, alinung'unika tu.

Binti alipiga magoti na beseni lake. "Baba," alimwambia, "siku ile nilipozama kwenye tope la bwawa nikifuata ndama, nani aliniosha? Si wewe? Na ulinicheka njia nzima mpaka nyumbani. Leo ni zamu yangu ya kucheka."

Akamwosha huku akicheka kweli, na baba yake naye, upande mmoja wa mdomo wake ambao bado ulikuwa na nguvu ukacheka. Nilisimama mlangoni na mtungi wa maji ya moto. Sikuwahi kumwambia binti yangu jinsi nilivyomtazama siku ile. Nilimwambia kwa udongo. Alipoona sanamu alisema, "Mama, huyu pua yake kubwa kama yangu," na kumbe hakuelewa, au alielewa akaamua kunisitiri.

Yosefu ni marehemu mume wangu, hilo kila mtu wa Endagikot alilitambua. Nilimfinyanga amesimama, shingo imegeuka pembeni, kwa sababu katika miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kuongea naye nje bila macho yake kwenda kwenye ng'ombe.

"Bibi," Padri aliniuliza tulipokuwa tunapanga pango, "mbona Yosefu anamwangalia ng'ombe, hamwangalii Mtoto?"

"Padri, anahakikisha ng'ombe hamkanyagi Mtoto."

Padri akafikiri kidogo, akakubali. Mwaka ule alilihubiri hilo usiku wa Noeli, na akina mama wawili walilia.

Mtoto mwenyewe nilimfunika nguo nzito, kwa sababu kwetu huku mwezi wa kumi na mbili kuna baridi wakati mwingine na ukungu unashuka mpaka mlangoni. Nilimwachia uso mdogo tu usio wa mtu yeyote, kila mama amwone wake. Mamajusi wawili niliwabuni. Wa tatu sikumbuni.

Wa tatu alikuwa Mbarbaig wa Basotu, rafiki wa mume wangu.

Walikutana vijana, mnadani, wakibishana juu ya fahali mmoja ambaye kila mmoja alimtaka. Sijui mwishowe nani alimnunua. Kila mmoja alidai ni mwenzake. Baada ya hapo mume wangu akienda mnadani alilala kwa huyo rafiki, karibu na ziwa, na rafiki akipandisha huku juu alilala kwetu. Haikuwa jambo dogo. Babu zetu na babu zao waliuana kwa ajili ya ng'ombe. Mama mkwe wangu alipokuwa mtoto alifichwa na mama yake ndani ya shimo la kuhifadhia nafaka, akasikia miguu ya Wabarbaig wa Hanang ikipita juu yake. Alikuwa bado akiisikia uzeeni.

Binti yetu alipozaliwa zilikuwa mvua za masika, barabara imekatika, hakuna gari lililopanda. Habari zilimfika rafiki huko Basotu, sijui kwa mdomo wa nani. Akaja kwa miguu. Alilala njiani, akavuka mito iliyofurika, akafika kwetu adhuhuri shuka yake nyekundu imelowa matope, fimbo mkononi, na kibuyu cha samli amekibeba kifuani kama anayebeba mtoto. Desturi haikumruhusu mwanaume kuingia kwa mzazi. Alisimama nje ya mlango. Kiswahili chake siku zile kilikuwa cha kuokoteza.

"Nimesikia mgeni," alisema. "Mgeni wa rafiki yangu, mgeni wangu. Hii ya mama, apate nguvu."

Aliyekuwa mlangoni kukipokea ni mama mkwe. Mimi nilikuwa kitandani, niliwaona wote wawili kwa mwanga wa nje. Mama mkwe hakusogea. Nikadhani atamfukuza. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akapokea kibuyu, akainamisha kichwa kidogo. Yule mgeni akang'oa majani mabichi uani, akayachomeka juu ya mlango wetu, akasema maneno kwa lugha yake ambayo hakuna aliyeyaelewa, na kila mtu alijua ni baraka. Mama mkwe alinilisha ile samli kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya uji, mpaka ikaisha. Hakuwahi kusema lolote kuhusu siku hiyo. Ila tangu hapo, mgeni wa Basotu akija, yeye ndiye aliyemtandikia ngozi ya kulalia.

Sasa niambie, mtu aliyetembea kutoka mbali kuja kumwona mtoto ambaye si wa kabila lake, si wa dini yake, akamletea mama yake zawadi, akasimama mlangoni. Nitampa sura gani nyingine?

Nilimfinyanga na shuka yake na fimbo yake, na kibuyu kifuani.

Dominika ya kwanza baada ya Noeli katekista wetu alinifuata nje ya kanisa. Ni mtu mwema, na kazi yake ni ngumu. Yeye ndiye anayepanda pikipiki kwenda vigango vya mbali kufundisha watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu."

"Mama, yule majusi wa tatu. Watu wanasema ni yule mzee wa Basotu."

"Ndiye."

"Lakini hajabatizwa. Mimi ninawafundisha watu waache njia za zamani, halafu wanaingia kanisani wanamkuta mzee wa njia za zamani kabisa yuko mbele ya altare. Watasema tunachanganya."

Nilimwelewa. Sikutaka kumjibu kwa kejeli. "Mwalimu," nilimwambia, "nami nilifikiri hivyo. Lakini mamajusi walipofika Bethlehemu, walibatizwa na nani?"

Alitazama chini, akachora kitu kwenye mchanga kwa ncha ya kiatu. Nilidhani amechukia. Kumbe wiki iliyofuata alikuwa na safari ya semina huko Hanang, na aliporudi, alirudi na mzee mwenyewe. Alimtafuta mpaka nyumbani kwake, akamweleza, akampandisha basi, akamlipia na chai njiani. Mpaka leo ninamvulia kofia katekista wetu kwa hilo. Mtu aliye na mashaka, halafu anakwenda mwenyewe kumleta yule anayemtilia mashaka, ni mtu wa kuigwa.

Mzee alikuwa amezeeka sana, mgongo umepinda, lakini shuka ilikuwa ile ile rangi. Nilimwamkia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Wananiambia umenifunga kanisani."

"Njoo ujione."

Hakuwa ameingia kanisani maisha yake yote. Alivua viatu vyake vya matairi mlangoni bila kuambiwa, akaviweka sambamba, akatembea taratibu katikati ya mabenchi. Padri alikuwepo, katekista alikuwepo, na akina mama wachache waliokuwa wanafagia. Mzee alisimama mbele ya pango kwa muda mrefu. Alimtazama Yosefu kwanza, akatikisa kichwa kwa huzuni. Alimtambua rafiki yake. Ndipo akajitazama.

"Masikio yangu yako wapi?" aliuliza.

Masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa tangu ujana, yananing'inia mpaka karibu na mabega. Sanamu yangu ilikuwa na masikio mafupi kama yangu.

"Udongo mwembamba unavunjika, shemeji. Nilijaribu."

"Mtoto atanijuaje bila masikio?"

Padri alicheka mpaka akashika ukingo wa benchi. Mzee mwenyewe hakucheka, ila macho yake yalicheka. Kisha akaonyesha kibuyu kile cha udongo kwa fimbo yake. "Hiyo ni ya binti," alisema polepole. "Ile ya masika."

"Ndiyo hiyo."

"Ulikumbuka."

"Shemeji, niliila. Nitaisahauje?"

Alilala kwetu siku hiyo. Binti yangu alikuja kutoka Bashay kumwamkia, naye mzee alimshika kichwa kwa mikono yake miwili akambariki, mwanamke mzima mwenye watoto wake, kama vile bado ni yule mgeni wa siku ya kwanza. Asubuhi, kabla ya basi, aliomba apelekwe kwenye kaburi la mume wangu. Ni kaburi la saruji, lenye msalaba. Kwao mzee wa heshima hujengewa kilima cha udongo, watu wanakusanyika miezi, wanaimba. Aliligonga lile kaburi kwa fimbo, akasema ni gumu sana, rafiki yake hatapata usingizi. Akang'oa majani mabichi akayalaza juu.

Alifariki mvua zilizofuata. Tulipata habari kwa simu ya mjukuu wake.

Miezi ilipita. Siku moja, katikati ya mavuno, wakati hakuna mtu anayefikiria Noeli, binti mkubwa wa yule mzee alifika kwangu. Alikuwa amevaa gauni la ngozi lenye shanga, kazi nzuri ambayo mimi hata nikifundishwa nisingeiweza, na bangili za shaba mkononi. Alikuja na ombi. Mama yake, mjane wa mzee, alikuwa amepofuka macho kwa miaka mingi. Walikuwa na picha za baba yao kwenye simu, wajukuu walizipiga, lakini mama hawezi kuziona. Alikuwa amesikia kwamba kuna mtu huko juu aliyemfanya mume wake kwa udongo.

"Mama anasema," aliniambia, "udongo unashikika."

Nilimpeleka kwa Padri. Kufungua kabati la Noeli wakati wa mavuno si jambo la kawaida, lakini Padri hakuuliza maswali mengi. Tulimtoa majusi kwenye makapi ya ngano tuliyomhifadhia, tukamfunga kwenye blanketi, tukapanda basi kwenda Basotu, yule dada amempakata mapajani njia nzima. Kondakta alituuliza kama ni mtoto mgonjwa. Tulimwambia ni mzee mzima, akatuacha.

Mjane alikuwa amekaa juani mbele ya nyumba, mwembamba, mnyoofu, macho meupe. Nilipiga magoti nikamwamkia, binti yake akamfasiria mimi ni nani. Tulimweka majusi mbele yake juu ya ngozi. Alinyoosha mikono.

Nimeona watu wengi wakitazama kazi zangu. Wanatazama, wanasifu, wanapita. Sijawahi kuona mtu akiisoma kazi yangu kama mama yule. Alianza na miguu. Akapanda kwenye mikunjo ya shuka, akaipitia mmoja mmoja, akagusa fimbo, akagusa kibuyu akakishika kwa viganja viwili. Alipofika usoni vidole vyake vikawa vyepesi kama vya mtu anayemgusa aliyelala. Paji la uso. Mashavu. Pua.

Akasema neno kwa Kibarbaig. Binti yake alishindwa kulifasiri mara moja, alikuwa ameziba mdomo.

"Anasema pua ni yenyewe."

Vidole vikaenda pembeni, vikatafuta, vikakosa. Mama akacheka. Alicheka na machozi yanamtiririka kwenye yale macho yasiyoona, na akasema maneno mengi kwa haraka.

"Anasema masikio umeyakosea. Anasema hata hivyo ni sawa, alikuwa hasikilizi."

Tulicheka wote mpaka majirani wakaja. Kisha mama akaomba samli. Wakamletea kwenye kibuyu kidogo. Alichovya vidole, akaanza kumpaka mume wake wa udongo, kichwani, usoni, mabegani, kama wanavyopaka vibuyu vipya na kama walivyopaka watoto wao. Udongo wangu hauna rangi wala vanishi. Uliinywa ile samli yote, ukawa mweusi unaong'aa. Nilikaa pale nikimtazama, nikawaza kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nadhani kazi inakamilika inapotoka kwenye moto.

Tulikuwa tumekubaliana na Padri nirudi na majusi. Sikuweza. Jioni niliaga nikamwacha pale kwenye ngozi, mkono wa mke wake ukiwa begani mwake. Binti alinishika mikono yangu yote miwili, hakusema asante. Kwao na kwetu mambo mengine hayasemewi asante.

Nilirudi Endagikot nikiwa na wasiwasi. Mali ya kanisa ni mali ya kanisa. Nilikwenda moja kwa moja kwa Padri, na blanketi tupu mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina. Shikamoo, bibi. Majusi yuko wapi?"

Nilimweleza yote, mpaka samli. Alinisikiliza amekunja mikono. Nilipomaliza alisema, "Injili yenyewe inatuambia mamajusi walirudi kwao. Sisi ndio tuliokuwa tunawafungia kabatini." Akaniuliza kama nitaweza kufinyanga mwingine kabla ya Majilio.

Nimeweza, ingawa vidole vyangu siku hizi vinakakamaa asubuhi za baridi na ni lazima nivilowanishe kwa maji ya moto kwanza. Binti wa mzee aliniletea udongo kutoka kando ya ziwa la Basotu kwenye mfuko wa unga. Niliuchanganya na wa kwetu. Ni udongo wenye tabia tofauti, mmoja unasinyaa haraka kuliko mwingine, na wa kwanza aliyetokana nao alipata nyufa mgongoni. Nilipunguza maji, nikaongeza vigae, nikamwacha akauke kivulini muda mrefu kuliko kawaida. Siku ya kumchoma binti yangu na binti wa mzee walikuja wote wawili kunisaidia kuni, na niliwakataza kupaza sauti. Walinong'ona kama wasichana wa shule.

Alitoka mzima. Rangi yake ni ya mabaka, mahali pengine mweusi, mahali pengine mwekundu. Uso sikuupangia mtu; niliiacha mikono ifanye. Sasa kila Dominika ya Majilio watu wanabishana nje ya kanisa anafanana na nani. Katekista anasema ni baba yake mzazi. Padri anasema ni mimi. Watoto wa Bashay waliokuja na binti yangu wanasema ni dereva wa basi. Mimi nawasikiliza kutoka kwenye benchi la mbele ya nyumba yangu, hatua chache kutoka kanisani, namenya vitunguu swaumu, na jirani yangu akiniuliza ukweli ni upi namwambia aende akachungulie mwenyewe.